D au B? Kubreki kwa injini na kubreki kwa umeme kwenye milima ya Mwanza

Ukinunua gari la haibridi hapa Mwanza, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, iwe Toyota Aqua, Prius, Axio au Fielder, utakuta kwenye gia herufi ambayo gari lako la zamani huenda halikuwa nayo. Baada ya P, R, N na D inakuja B. Aliyetoka kwenye IST alizoea kuona 2 na L mahali hapo, basi anaichukulia B kuwa gia ya nguvu ya kupandia mlima. Mwingine kasikia kwamba B inachaji zaidi, anatembea nayo mji mzima, Nyegezi mpaka Kirumba, akiamini anaokoa mafuta. Wote wawili wanapoteza.

Kwetu hili ni suala la pesa kuliko kwa mtu wa pwani. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kuwa mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini, lita moja Mwanza huwa ghali kuliko Dar es Salaam. Halafu jiji lenyewe limekaa juu ya mawe. Mtu anapanda Bugando, anashuka, anapanda Isamilo, anashuka, anazunguka Capri Point, anashuka tena. Kila mteremko una nishati uliyokwisha kuilipia wakati wa kupanda, na mguu wako ndio unaoamua kama utaidaka au utaiacha ipotee.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda asome hapa tu. Kwa Toyota za haibridi, mjini kaa D, na ubreki kwa mguu, mapema na polepole. B iwekee mteremko mrefu na mkali, mahali ambapo shida yako ni breki kupata moto. Gari lako likiwa Nissan Note e-Power, ushauri huo unageuka karibu wote, na nitaeleza kwa nini.

Kinachotokea ukiachia mafuta

Tuanze na injini ya petroli ya kawaida. Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, mlango wa hewa unafunga. Pistoni zinaendelea kupanda na kushuka kwa sababu magurudumu yanazizungusha, lakini sasa zinavuta hewa kwenye mlango uliofungwa. Kazi hiyo ni nzito, na uzito huo ndio unaorudisha gari nyuma. Kwenye gari lenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, mafuta hukatwa kabisa wakati huo. Ndiyo maana walimu wa udereva wanasisitiza ushuke na gia uliyopandia. Breki ya injini haichoki, haipati moto wa hatari, na haijali mlima una urefu gani. Ila nishati yote inaishia kuwa joto na muungurumo. Hakuna kinachorudi kwako.

Kubreki kwa umeme kunaanza pale magurudumu yanapoizungusha mota, badala ya mota kuyazungusha magurudumu. Mota inageuka jenereta. Inaleta ukinzani unaopunguza mwendo, na umeme unaotoka unaingia kwenye betri kubwa ya haibridi. Ukiondoka tena pale Mabatini baada ya foleni, mita zile za kwanza unazokwenda kimyakimya bila injini zinatokana na umeme huo.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalobadilisha hesabu yote, ni kwamba kwenye Toyota za haibridi pedeli ya breki haiendi moja kwa moja kwenye pedi. Unapoikanyaga taratibu, kompyuta inapima umetaka kupunguza mwendo kiasi gani, kisha inaipa mota kazi hiyo kwanza. Pedi zinaitwa pale mota inaposhindwa, yaani ukikanyaga kwa nguvu, betri ikijaa, gurudumu likiteleza, au mwendo ukishuka karibu na ule wa mtu anayekimbia. Mita chache za mwisho kabla ya kusimama ni za pedi siku zote. Kwa hiyo kukanyaga breki kwenye Aqua siyo kupoteza. Mara nyingi ndiyo namna bora ya kuchaji.

Kwa nini mapema na polepole

Hapa naomba tupige hesabu kidogo, maana bila namba tutabaki kwenye ubishi wa kijiweni.

Chukua Aqua yenye watu watatu, uzito wote kilo 1,250, inakwenda kilomita 60 kwa saa kwenye barabara ya Nyerere. Nishati ya mwendo huo ni karibu wati-saa 48. Bodaboda ikikukatizia ukasimama ndani ya sekunde 4, nishati hiyo inapaswa kutoka kwa wastani wa zaidi ya kilowati 40. Betri haiwezi kumeza kwa kasi hiyo. Injini ya Aqua ya kwanza, ile iliyotoka Japani Desemba 2011, inatoa kilowati 54, na mfumo mzima ukijumlisha betri unafika kama 73. Tofauti yake, takribani kilowati 20, inakupa picha ya ukubwa wa betri yenyewe. Kinachozidi hapo kinaunguzwa na pedi. Ungeiona taa nyekundu au foleni mapema ukabreki kwa sekunde 12, wastani ungeshuka chini ya kilowati 15, na sehemu kubwa ingepita kwenye mota.

Betri hiyo ni ndoo ndogo yenye mdomo mwembamba: ukimimina taratibu yanaingia, ukimwaga kwa pupa yanamwagika nje.

Kwenye dashibodi kuna kipimo chenye eneo lililoandikwa CHG, yaani kuchaji. Ukiwa unabreki, mshale au mstari unarudi ndani ya eneo hilo. Lengo ni kuuacha uingie vizuri bila kugonga mwisho. Ukigonga mwisho, pedi zimeshaanza kusaidia. Baada ya muda mguu unajua wenyewe na huhitaji tena kuangalia. Usikodolee macho dashibodi pale Mkuyuni saa kumi na mbili jioni, daladala hazikusubiri.

Na B inafanya nini hasa?

Ukiweka B kwenye Toyota na kuachia mafuta, gari linajishika zaidi kuliko kwenye D. Hapo ndipo watu wanapodhani inachaji zaidi. Toyota hizi zina mota mbili. Ni kweli ile kubwa inazalisha umeme, lakini sehemu ya umeme huo haifiki kwenye betri. Inapelekwa kwenye mota ya pili, ambayo inaizungusha injini bila mafuta, ili injini ifanye ule ukinzani wa pistoni. Ndiyo sababu unasikia injini inanguruma wakati hujakanyaga chochote. B ni njia ambayo wahandisi waliiweka makusudi ya kutupa nishati pale ambapo kuitupa ni salama zaidi kuliko kuitunza. Kitabu cha gari nacho kinasema hivyo: B ni ya mteremko mkali, na kutembea nayo muda wote kunaweza kuongeza matumizi ya mafuta.

Ukilinganisha D na B kwenye kipande kimoja cha barabara, tuseme kutoka Hospitali ya Bugando kushuka mpaka mjini, kwenye D na mguu mwepesi utafika chini betri ikiwa imepanda zaidi. Kwenye B utafika chini umegusa breki mara chache, mguu umepumzika, lakini umepata umeme kidogo. Kwa mteremko mfupi kama huo pedi hazina hatari yoyote ya kupata moto, kwa hiyo faida ya B haipo. Milima yetu ya mjini karibu yote ni ya namna hiyo. Ni mikali, wakati mwingine mikali mno, lakini inakwisha haraka.

Kuna jambo la usalama pia. B ikikupunguzia mwendo, taa za breki nyuma haziwaki. Dereva wa bajaji aliye nyuma yako hajui kuwa unapunguza. Ukitumia B mahali penye watu, gusa pedeli ya breki kidogo ili taa ziwake.

Mteremko mrefu ni habari nyingine

Betri ya Aqua au ya Fielder ya haibridi ina ukubwa wa kilowati-saa 0.94 tu, na Prius ya kizazi cha tatu ina kama 1.3. Tena gari halitumii yote. Ili betri iishi miaka mingi, kompyuta inaiweka kati ya takribani asilimia 40 na 80, na siku nyingi inazunguka karibu na 60. Kwa hiyo unapoanza kushuka, nafasi iliyobaki kwenye Aqua ni kama kilowati-saa 0.19.

Sasa ile Aqua yetu ya kilo 1,250 ishuke mteremko mkali wenye kimo cha mita 100. Nishati inayotoka ni kilowati-saa 0.34. Toa ya upepo, ya matairi na inayopotea kwenye mota na nyaya, bado inabaki ya kutosha kuijaza nafasi ile. Mita 100 tu za kimo, na betri imejaa. Ukiendelea kushuka hakuna tena pa kuweka umeme.

Hili linamhusu yeyote anayetoa gari bandarini na kulileta Mwanza kwa barabara. Baada ya Singida kuna Sekenke, mlima unaoshusha barabara kwenye bonde la Wembere kabla ya Igunga. Ukishuka pale kwenye D kwa kubreki kwa mguu, usishangae vipande vya betri kwenye dashibodi kujaa kabla hujafika chini. Betri ikijaa, gari linajaribu kujisaidia lenyewe: linaizungusha injini hata kwenye D, na utasikia ikipiga kelele ghafla. Wageni wa haibridi huogopa wakidhani gia imekufa. Ni gari linatafuta pa kupeleka nishati. Lakini kazi kubwa inahamia kwenye pedi, na pedi za mbele za gari dogo lililobeba familia na mizigo yake yote hazikutengenezwa kubeba mlima mzima peke yake. Zikipata moto sana, pedeli inakuwa laini na gari halishiki.

Kwa Sekenke, ingia B juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, kwa mwendo mdogo. Usisubiri harufu. Ongezea breki kwa mguu pale inapohitajika, kanyaga imara kwa muda mfupi kisha achia, badala ya kuulaza mguu juu ya pedeli mwanzo mpaka mwisho. Ukifika tambarare rudisha D. Umepoteza umeme kiasi, na hapo ni bei nzuri kabisa.

Ufukweni mwa ziwa mambo ni ya namna hiyo mahali kadhaa. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na barabara zinazotoka nyanda za juu lazima zishuke mpaka kimo hicho. Anayeingia Bukoba mjini kutokea Muleba anakutana nalo, na anayeshuka Riat kuingia Kisumu kutokea Kakamega vilevile. Kwa safari kama hizo B inastahili nafasi yake. Upande wetu mwingine ni kinyume: Magu, Lamadi mpaka Bunda barabara haina mteremko wa kutisha, na Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 linakuvusha upande wa Sengerema bila mlima wowote wa kuogopa. Huko gia ya B sahau.

Kuhusu kushuka na fri

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu tabia hii imeua watu. Dereva anafika kileleni, anaweka N, anaacha gari liteleze akiamini anaokoa mafuta. Kwenye gari la kawaida la nozeli anajidanganya: injini likiwa kwenye gia mteremkoni hukatiwa mafuta, likiwa fri linakunywa ili lisizimike. Kwenye Toyota ya haibridi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu kwenye N betri haichaji kabisa. Mota imeachiwa. Breki ya umeme hakuna, breki ya injini hakuna, umebaki na pedi tupu. Mteremko mzima wa Isamilo umeupoteza na usalama umeuweka rehani. Kama unataka gari liteleze kwa urahisi, kaa D na bonyeza mafuta kwa uzito wa unyoya mpaka mstari ukae katikati, si CHG wala mbele. Huo ndio mteleko unaoruhusiwa.

Note e-Power: hapa geuza ushauri

Nissan ilileta e-Power kwenye Note mwishoni mwa 2016, ile yenye namba ya bodi HE12. Injini yake ya silinda tatu haijaunganishwa na magurudumu, kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Kinachovuta gari ni mota. Ukiwa kwenye hali ya S au Eco, ukiachia mafuta gari linajishika kwa nguvu mpaka kusimama kabisa, na taa za breki zinawaka zenyewe linapojishika sana. Wanaopenda wanaiita gari la pedeli moja, na kwenye foleni ya Buzuruga naelewa kwa nini wanalipenda.

Tofauti kubwa na Toyota ni kwamba kwenye Note ile ya kwanza pedeli ya breki inaelekeza kazi kwenye pedi, bila ule ushirikiano na mota niliouelezea. Kwa hiyo dereva wa Aqua anayehamia Note akaendelea kubreki kwa mguu taratibu anatupa nishati bila kujua. Huku unachotakiwa kujifunza ni kuachia mafuta kidogokidogo, siyo kunyanyua mguu wote kwa mkupuo, na kuacha mota ifanye kazi. Ukiwa kwenye hali ya Kawaida, B ndiyo inayokuongezea kujishika huko. Yaani B ile ile ambayo kwenye Aqua inatupa umeme, kwenye Note inaukusanya.

Betri yake ni kama kilowati-saa 1.5, ndogo pia, na inajaa mteremkoni. Ikijaa, jenereta inaizungusha injini ili kuchoma umeme wa ziada, na utasikia kelele ile ile. Note yenye e-Power ya kizazi cha pili, iliyotoka mwishoni mwa 2020, haisimami kabisa kwa kuachia mafuta, inabidi umalizie na breki. Mnunuzi ajue ni ipi anaichukua.

Honda Fit na Vezel naziongelea kwa ufupi. Fit ya haibridi ya 2010 hadi 2013 mota yake imefungwa pamoja na injini, zinazunguka kwa pamoja, kwa hiyo breki ya injini na ya umeme huwezi kuzitenganisha. Honda walijitahidi kupunguza hasara kwa kufunga valvu za silinda wakati wa kuachia mafuta, ili ukinzani wa injini upungue na mota ipate zaidi. Kuanzia Fit ya 2013, na Vezel iliyoifuata mwaka huohuo, injini inaweza kuachanishwa na magurudumu, na kubreki taratibu kwa mguu kunalipa kama kwenye Toyota.

Mitsubishi Outlander ya kuchomeka ina pedeli ndogo nyuma ya usukani za kuchagua ukali wa kujishika, B0 mpaka B5. Betri yake ni kubwa mara nyingi kuliko hizi, haijai kwa milima yetu. Isipokuwa kama unakaa juu ya mlima na unaichaji mpaka asilimia 100 usiku: asubuhi unashuka na betri iliyojaa, hakuna pa kuweka chochote. Anayekaa Capri Point juu aache nafasi kidogo.

Vitu vya huku kwetu vinavyobadilisha matokeo

Vumbi, kwanza. Betri ya haibridi hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Nimeona Fielder zinazotoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa yamelazwa siti ya nyuma, tundu limezibwa kabisa. Betri ikipata joto, kompyuta inapunguza kiasi cha umeme inachoruhusu kuingia, na breki ya umeme inadhoofika bila taarifa. Dereva anaona tu kwamba gari limeanza kula mafuta. Mwambie fundi umeme asafishe chujio na feni ya betri kila unapofanya huduma, na tundu lisifunikwe. Mzigo wenyewe nao ni hoja: gari lililojaa dagaa linajaza betri haraka zaidi mteremkoni na linahitaji breki zaidi, kwa hiyo mwenye Fielder ya biashara ana sababu ya kutumia B mapema kuliko mwenye Aqua ya kwenda kazini.

Barabara za mawe. Mitaa mingi ya mlimani hapa imetandikwa mawe, na ni kazi nzuri, ila mvua ikinyesha inateleza. Breki ya umeme kwenye magari haya inafanya kazi kwenye magurudumu ya mbele tu. Gurudumu likiruka kwenye jiwe au kuteleza, kompyuta inaikata na kuwarudishia pedi kazi. Kwa muda mfupi sana utahisi kama breki imeachia. Usiondoe mguu, endelea kukanyaga. Prius za kizazi cha tatu za mwanzo zilikuwa na hisia hiyo kupita kiasi, na Februari 2010 Toyota ikaziita kubadilisha programu ya breki. Ukiangalia Prius ya 2009 au ya mwanzo wa 2010, uliza kama ilifanyiwa. Kwenye mteremko wa mawe uliolowa mimi nakaa D, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mguu kwenye breki, na sina haraka ya kuchaji chochote.

Pedi kudumu sana nako kuna upande wake. Mwenye haibridi anayebreki vizuri anaweza kukaa miaka pedi hazijaisha, akafurahi, akasahau kabisa kuangalia breki. Kwa unyevu wa ziwani, diski isiyosuguliwa inaota kutu na pini za kalipa zinakwama. Siku ukihitaji breki kali, upande mmoja unashika na mwingine hapana. Kila baada ya muda, mahali pasipo na watu wala gari nyuma, kanyaga breki kwa nguvu mara chache ili pedi zisugue diski. Na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, maana yananyonya unyevu hata kama pedi hazitumiki.

Basi uchague lipi?

Ukiendesha taksi ya mjini, siku nzima katikati ya Kirumba, Makoroboi, Mabatini na Nyakato, chagua kati ya Aqua na Note kwa kuangalia mguu wako. Mwenye subira ya kubreki mapema atafaidi Aqua. Anayechoka kuhamisha mguu kwenye foleni atafaidi Note kwa hali ya Eco. Ukiwa mtu wa safari ndefu, Dar es Salaam au Dodoma mara kwa mara, Toyota ndiyo chaguo langu bila kusita, kwa sababu kwenye mwendo wa barabara kuu sehemu kubwa ya nguvu ya injini yake inafika kwenye magurudumu moja kwa moja, wakati ya Note inapitisha kila kitu kwenye umeme na kupoteza njiani. Na ukiwa na B unaposhuka Sekenke, umekamilika.

Kabla ya kutoa pesa, lijaribu gari kwenye mteremko na siyo kwenye uwanja wa muuzaji. Panda nalo Bugando, angalia vipande vya betri ukiwa juu, shuka kwenye D ukibreki taratibu. Mstari uingie CHG mara tu unapogusa pedeli. Vipande viongezeke pole pole, kimoja au viwili. Vikiruka kutoka viwili mpaka vimejaa kwenye mteremko mfupi kama ule, kisha vikaporomoka ukipanda tena, betri imechoka, haina tena pa kuweka umeme, na hakuna mguu wala gia itakayokuokolea mafuta. Hapo bei uliyotajiwa ijadiliwe upya, pamoja na gharama ya betri.